Mbegu, mpangilio wa shamba au bomba la dawa: uanzie wapi kuzuia virusi vya maharage na kunde?

Majani ya maharage yakianza kuwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani kilichopauka, yakakunjamana na kuinamia chini, wakulima wengi huenda moja kwa moja duka la pembejeo kununua dawa ya vidukari, wale wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mimea. Kwa batobato ya maharage, ugonjwa wa virusi unaoleta dalili hizo, hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Kwa rozeti ya karanga, ugonjwa mwingine wa virusi, dawa hiyohiyo ikiwahi inaweza kuokoa shamba. Kinachotofautisha hali hizi mbili ni namna mdudu anavyobeba virusi, na ndiyo sababu ulinganisho huu hauanzi na bei wala majina ya dawa.

Mdudu amebeba virusi wapi?

Virusi viwili vinavyosumbua zaidi maharage Afrika Mashariki, vinavyoleta batobato na kujulikana kwa vifupisho BCMV na BCMNV, hubebwa kwenye ncha ya mdomo wa kidukari. Kidukari mwenye mabawa akitua kwenye mmea mgonjwa na kudunga jani sekunde chache tu kulionja, tayari amevichukua. Akirukia mmea wa pili na kuonja tena, ameviacha huko. Safari yote inaweza kwisha ndani ya dakika moja. Baada ya kuonja mimea michache, au saa chache zikipita, mdomo umesafika na hana tena cha kuambukiza. Wengi wa waenezaji hawaishi hata kwenye maharage: wametoka kwenye mboga, magugu au nafaka, wanaonja kila wanapotua mpaka wapate mmea wanaoupenda. Ndiyo maana shamba linaweza kuumwa vibaya wakati chini ya majani huoni kundi hata moja la vidukari. Virusi vya batobato ya kunde vinavyoenezwa na kidukari mweusi hufuata mtindo huohuo.

Rozeti ya karanga, ambayo maandishi ya kwanza juu yake yalitoka Tanganyika mwaka 1907, huenezwa na kidukari mweusi yuleyule wa kunde, ila hapa virusi huingia mwilini mwake. Lazima anyonye kwa saa kadhaa ili avipate, kisha apite muda wa siku moja au zaidi kabla ya kuweza kuambukiza, na baada ya hapo huambukiza kwa siku nyingi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) haliihesabu karanga kwenye kundi la mazao ya punje kavu kama maharage na kunde, lakini hupandwa na wakulima walewale katika mashamba yaleyale, na hakuna mfano bora wa kuonyesha pale ambapo dawa ina nafasi.

Kundi la tatu ni mbawakavu wa majani, hasa jamii ya Ootheca, wanaotoboa majani machanga ya kunde na maharage. Hawa hueneza virusi vya mozaiki ya kunde kwa kutafuna, kupitia majimaji ya midomo yao.

Inzi weupe wanahitaji tahadhari. Huko Asia Kusini wao ndio wanaoeneza ugonjwa wa manjano wa choroko, na virusi vyake hukaa mwilini mwao. Lakini inzi weupe haohao hueneza pia virusi vya mabaka hafifu ya kunde, vinavyopatikana kwetu kwenye kunde na maharage, na hivi hubebwa kwa muda mfupi tu. Kumtambua mdudu peke yake hakutoshi kuchagua njia. Ni lazima ujue pia ni virusi gani.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja

Tazama jinsi ugonjwa ulivyokaa shambani. Mimea michache iliyotawanyika bila mpango, ikionyesha dalili kuanzia majani ya kwanza yenye vijani vitatu, wiki ya pili au ya tatu, imetoka na virusi ndani ya mbegu. Ugonjwa unaoanzia upande mmoja, ukaingia ndani polepole, umeletwa na wadudu kutoka kwa jirani, kwenye masalia au kwenye magugu. Mstari ulionyooka wa mimea yenye majani yaliyosokotwa kama kamba mara nyingi ni dawa ya magugu iliyopeperushwa kutoka kwenye mahindi. Kipande kizima kilichopauka kwa usawa, chunguza udongo kwanza.

Kuna pia hali inayoitwa mizizi myeusi. Mmea uliokuwa mzuri unanyauka ghafla, mishipa ya majani machanga inakuwa ya kahawia hadi nyeusi, na ukipasua shina unakuta nyuzi za ndani zimeungua. Wengi hudhani ni fangasi wa mizizi. Tofauti ni mwelekeo: mizizi myeusi ya virusi huanzia kileleni kushuka, ilhali kuoza kwa mizizi hugeuza majani ya chini manjano kwanza na mizizi yenyewe inakuwa imeoza. Ukikosea hapa utanunua dawa ya fangasi isiyo na kazi.

Mbegu kinzani, mbegu iliyothibitishwa, au mbegu ya ghalani

Hapa ndipo uamuzi mkubwa ulipo, kwa sababu BCMV, BCMNV na batobato ya kunde husafiri ndani ya kiini cha mbegu. Huwezi kuviona kwa macho. Kupaka mbegu dawa ya fangasi hakuvigusi, na kuhifadhi mbegu muda mrefu hakuviui, maana hudumu humo kwa miaka.

Fanya hesabu. Maharage mafupi yakipandwa sentimita 50 kwa 20, mbegu mbili kila shimo, ekari moja inabeba mimea kama 80,000. Mbegu ikiwa na maambukizi ya asilimia 2 tu, umepanda wagonjwa 1,600 waliosambazwa kila kona, na kila kidukari anayepita ana mahali pa kuchotea virusi. Hakuna mpangilio wa shamba wala dawa itakayofuta mwanzo huo.

Mbegu kinzani, yaani ya aina inayostahimili virusi, ni bora kuliko zote pale inapopatikana, lakini ukinzani una aina zake. Aina nyingi zilizoboreshwa zina jeni (chembe ya urithi) iitwayo I. Hiyo huzuia BCMV vizuri, ila ikikutana na BCMNV mmea hujiua wenyewe: ndiyo mizizi myeusi niliyoeleza. BCMNV asili yake ni Afrika, na hapa kwetu huishi pia kwenye mikunde ya porini, ikiwemo jamii ya marejea. Kwa hiyo aina yenye jeni I peke yake, ikipandwa pembeni ya maharage ya kienyeji yanayobeba BCMNV bila kuonyesha dalili kali, inaweza kupoteza mimea mingi huku ya jirani ikionekana imesimama tu. Mkulima hulaumu mbegu mpya, na kwa macho ana haki. Hata hivyo mmea wa jeni I unaokufa haupitishi virusi kwenye mbegu. Ule wa kienyeji uliosimama ndio unaoviingiza ghalani. Tatizo hili ni kali zaidi Rwanda, Burundi na Kivu ya Kongo, ambako wakulima hupanda mchanganyiko wa aina nyingi kwa pamoja. Kuongeza aina ya jeni I kwenye mchanganyiko wa namna hiyo ni kuiweka katikati ya wabebaji.

Kinga thabiti ni jeni I ikiunganishwa na bc-3 au jeni nyingine ya kundi lake. Uganda ilitoa aina ya K131 mwaka 1994, ikiwa na ukinzani huo na mavuno mazuri. Punje zake ni ndogo, na soko lilipenda zaidi K132, yenye punje kubwa nyekundu za madoadoa, iliyotolewa pamoja nayo. Ukinzani usiouzika hauendi mbali, kwa hiyo unapouliza mbegu, uliza mambo mawili pamoja: inavumilia mizizi myeusi? Na mnunuzi wa soko lako ataichukua?

Mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo ya wakaguzi wa mbegu, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, ni kitu tofauti na mbegu kinzani, na watu huchanganya sana hayo mawili. Uthibitisho unakuambia mbegu ilizalishwa chini ya ukaguzi. Hausemi kwamba mmea utapambana na virusi vitakavyoletwa baadaye. Mbegu safi ya aina dhaifu, karibu na shamba linaloumwa, itaambukizwa msimu huohuo. Daraja la kuazimiwa ubora, yaani mbegu inayozalishwa na wakulima kwa ukaguzi mwepesi zaidi, hugharimu kidogo zaidi ya punje za sokoni na kwa mkulima mdogo linatosha, mradi mzalishaji awe anang'oa wagonjwa kweli. Nenda ukalione shamba lake kabla maua hayajatoka. Baada ya hapo ameshakuwa na muda wa kuficha.

Kama bei inakuzuia, usinunue mbegu ya ekari nzima. Nunua kilo 4. Kwa punje za wastani, gramu 40 kwa punje mia, hizo ni mbegu 10,000, zinazohitaji mita za mraba 500 kwa nafasi ileile. Kitalu kama hicho kikitunzwa hutoa kilo 40 hadi 75, na ekari inahitaji kama kilo 32. Msimu mmoja wa subira, na una mbegu yako ya ekari.

Mbegu ya ghalani nayo haijakatazwa. Ipime: panda punje 200 kwenye kitanda kidogo, funika kwa neti ya matundu madogo sana isiyopitisha vidukari, subiri wiki tatu, hesabu wenye mabaka na majani yaliyokunjamana. Wanne kati ya 200 ni asilimia 2, na kwangu hiyo ni mbegu ya kupika. Kumbuka kwamba kipimo hiki kinahesabu wanaoonyesha dalili tu. Aina zinazobeba virusi kimyakimya zitakuhadaa. Huko magharibi mwa Australia, wakulima wa lupini, zao la jamii ya kunde, hupeleka mbegu maabara kupimwa virusi kabla ya kupanda, na kama Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) au kituo cha utafiti kilicho karibu nawe kinaweza kukupimia, fanya hivyo hasa unapozalisha mbegu ya kuuza.

Mpangilio wa shamba

Hizi ni njia za gharama ndogo, na nyingi haziumizi kitu. Hazifai kuwa za kwanza, zinafaa kuwa za pili.

Kupanda mapema, mvua zinapoanza kunyesha kwa uhakika, husaidia kwa sababu mimea inakuwa imekua kabla vidukari hawajaongezeka kipindi cha jua. Usipande maharage machanga kando ya yaliyokomaa. Upepo utaleta kila kitu. Ng'oa yaliyojiotea yenyewe na magugu ya jamii ya kunde kabla ya mvua.

Kupanda kwa kubana na bila mapengo ni kinga ambayo haithaminiwi vya kutosha. Kidukari anayeruka huvutwa na rangi ya kijani inayotengana na udongo mtupu. Majani yakifunika ardhi mapema, wanaotua hupungua. Nyasi kavu zilizotandazwa kati ya mistari hufanya kazi ya aina hiyo kwa wiki za mwanzo.

Ukanda wa mtama au mahindi kuzunguka shamba hufanya kazi kwa virusi vya mdomoni tu. Kidukari hutua kwanza kwenye nafaka, anaonja, anasafisha mdomo. Panda mistari 2 au 3, wiki 2 hadi 3 kabla ya maharage, ukianza na upande upepo unakotoka, na uache mita moja kabla ya mstari wa kwanza ili kivuli kisiibe mavuno. Kosa la kawaida ni kupanda vyote siku moja: wakati maharage yana hatari kubwa, mahindi bado yako magotini. Kwa kitalu cha mbegu ukanda unalipa. Kwenye ekari tano, katikati ya shamba haunufaiki sana.

Kuna mahali ushauri wa kuwahi unageuka. Mbawakavu wa Ootheca hutoka udongoni mvua za kwanza zinapoanza, wakiwa na njaa, na mashamba yaliyowahi ndiyo huliwa. Kwenye maeneo yenye historia yao, kama sehemu za kaskazini mwa Tanzania, kulima mara baada ya kuvuna ili kufukua walio ardhini, kubadilisha zao, na kuchelewa kidogo kupanda husaidia kuliko kuwahi. Kwa hiyo jua adui wako wa mwaka jana alikuwa nani kabla ya kuamua tarehe.

Kung'oa wagonjwa

Kwa shamba la kula, kazi hii mara nyingi hailipi. Ekari yenye mistari ya sentimita 50 ina mistari yenye urefu wa jumla wa kilomita 8, na ni lazima uipite yote, kila wiki, kuanzia wiki ya pili mpaka maua. Ikiwa mmoja kati ya 20 ameshaumwa, umechelewa.

Kwa kitalu cha mbegu, kinyume chake: hii ndiyo kazi yenyewe. Mmea ulioambukizwa kabla ya kutoa maua hupitisha virusi kwenye mbegu, ule ulioambukizwa baadaye hupitisha kwa nadra. Pita asubuhi jua likiwa nyuma yako ili mabaka yaonekane, weka mmea kwenye mfuko hapohapo bila kuutikisa, kisha ufukie au lisha mifugo. Ukishindwa kuwa na kitalu, fanya kinyume cha kung'oa: kabla ya maua, funga kamba kwenye mimea mizuri kabisa iliyo mbali na wagonjwa, na mbegu ya msimu ujao itoke kwenye hiyo tu.

Dawa ya wadudu

Dawa inahitaji muda kumuua kidukari. Virusi vya mdomoni havihitaji muda. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za jamii ya pairethroidi humfanya kidukari ahangaike, aruke mmea hadi mmea akionja zaidi, na huua wadudu marafiki wanaowala vidukari. Unaweza kupuliza kila wiki na batobato ikaongezeka.

Lakini wakulima husema, "mbona nilipaka mbegu imidakloprid na maharage yakawa mazuri?" Ni kweli yalikuwa mazuri. Mara nyingi kilichozuiwa ni inzi wa maharage, yule ambaye funza wake huchimba shina la mche na kuuangusha. Hiyo ni faida halisi, ila usiihesabu kama kinga ya virusi na kuacha kuhangaikia mbegu. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi ya imidakloprid kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Kwetu, fuata orodha ya dawa zilizosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu ya Tanzania, au mamlaka ya nchi yako.

Kwa rozeti, hali ni nyingine. Kidukari anayekaa na kunyonya saa nyingi anakufa kabla hajaambukiza mimea mingi, hivyo dawa inayoingia kwenye mmea, ikitumika wiki za mwanzo, hupunguza kuenea ndani ya shamba. Haizuii wa kwanza kuingia. Kwa mbawakavu pia dawa ina maana, kwa sababu wanakaa na kula. Puliza wanapoanza kuonekana kwenye miche, si baada ya majani kuwa chekecheke.

Mafuta ya madini ya kilimo ni dawa ya kupulizwa inayolenga virusi vya mdomoni, kwa kuvuruga namna virusi vinavyong'ang'ania na kuachiliwa na mdomo wa kidukari. Kipimo cha kawaida ni asilimia 1, yaani mililita 150 kwa bomba la lita 15, kila wiki, kwa sababu majani mapya hayana kinga. Usiyachanganye na salfa, na usipulize jua kali, yataunguza. Kwa kitalu cha mbegu yanafikirika, kwa ekari ya kula hayalipi.

Kwa muhtasari

| Njia | Virusi vya mdomoni (batobato ya maharage, ya kunde) | Virusi vya mwilini (rozeti) | Virusi vya mbawakavu |
|---|---|---|---|
| Mbegu kinzani | Bora, ikiwa na I na bc-3 kwa maharage | Bora | Inafaa ikipatikana |
| Mbegu safi | Lazima | Haisaidii, rozeti haipiti kwenye mbegu | Inasaidia |
| Kuwahi kupanda | Nzuri | Nzuri sana | Inaweza kudhuru |
| Kubana mimea | Nzuri | Nzuri sana | Kidogo |
| Ukanda wa nafaka | Nzuri kwa eneo dogo | Kidogo | Kidogo |
| Kung'oa wagonjwa | Kwenye kitalu cha mbegu | Mapema tu | Mapema tu |
| Dawa ya wadudu | Dhaifu | Ina nafasi | Ina nafasi |

Ukiwa na fedha ya jambo moja tu

Maharage ya kula na kuuza: kilo 4 za mbegu safi ya aina inayovumilia mizizi myeusi, na kitalu mbali na maharage mengine kadiri ardhi inavyoruhusu. Fedha ya bomba iache mfukoni.

Mzalishaji wa mbegu: aina kinzani, kipimo cha punje 200, ukanda wa mtama, na vibarua wawili wanaojua dalili kila wiki hadi maua. Hapa usipunguze hata kimoja.

Karanga: usitumie fedha kwenye mbegu iliyothibitishwa kwa matumaini ya kuzuia rozeti, isipokuwa aina yenyewe ni kinzani. Wahi mvua, bana sentimita 50 kwa 10, jaza mapengo ndani ya wiki ya kwanza.

Kunde zinazochumwa majani ndizo zenye mtego. Mama anayechuma mboga mara mbili kwa wiki hawezi kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa, na majani yaliyopulizwa yataingia chunguni. Tenga sehemu mbili tangu siku ya kupanda: ya mboga isiyopulizwa kamwe, na ya punje ambayo, mbawakavu wakivamia, unaweza kuipulizia kwenye hatua ya miche. Mbegu ya msimu ujao itoke sehemu ya punje, kwenye mimea ambayo haikuchumwa na haikuonyesha mabaka, na wakati wa kuchuma mboga, anza na mistari mizima, malizia na yenye ugonjwa.